Mgonjwa akijibu "Shida", nani anapokea?

Kuanzia mwaka 2007, kila Jumatatu asubuhi, simu za baadhi ya wagonjwa waliokuwa wameanza dawa za kufubaza makali ya VVU katika kliniki tatu za Kenya zilikuwa zikipokea meseji ya neno moja: "Mambo?" Haikutaja hospitali wala dawa, na haikumwambia mtu akumbuke kumeza chochote. Mtu mwingine angeokota simu ile angedhani ni rafiki tu anasalimia. Mgonjwa alikuwa na saa 48 za kujibu, na majibu aliyofundishwa yalikuwa mawili: "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Aliyenyamaza naye alipigiwa.

(Najua, kijana wa mjini akiulizwa "Mambo?" anajibu "Poa". Lakini "Poa" ni jibu la mdomo tu, linatoka hata kwa mtu anayeumwa. "Sawa" na "Shida" zinamlazimu mtu achague.)

Jaribio hilo liliitwa WelTel. Wagonjwa 538 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata meseji na wengine wakaendelea na huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa na Richard Lester na wenzake katika jarida la Lancet mwaka 2010. Kwa maelezo ya wagonjwa wenyewe, waliofuata dozi ipasavyo walikuwa asilimia 62 upande wa meseji na 50 upande wa pili. Na kwa kuwa maelezo ya mdomo yana mapambo yake, walipimwa pia virusi kwenye damu: vilikuwa vimefubazwa kwa asilimia 57 ya wagonjwa wa meseji, dhidi ya 48 ya wenzao.

Habari hiyo ilienea, na kama kawaida ya habari, ilipungua njiani. Kilichofika kwa wengi ni kwamba meseji zinasaidia wagonjwa. Tangu hapo zimetengenezwa huduma za meseji, programu za simu janja, tovuti za wagonjwa, na siku hizi roboti za kuchati, nyingi zikidai zinamsaidia mgonjwa kujisimamia mwenyewe. Baadhi zinasaidia. Nyingine zinawekwa kwenye simu Jumatatu na kusahaulika Ijumaa. Mtafiti Gunther Eysenbach aliliandikia jambo hili mwaka 2005 akaliita kanuni ya kupukutika: katika huduma za afya za mtandaoni, watu wengi wanaoanza hawaendelei, na hilo ni jambo la kutarajiwa.

Kwa nini chombo kimoja kibaki na kingine kipukutike? Tuziweke meseji za Kenya pamoja na ndugu zake.

Chulaimbo, upande wa Kisumu, watafiti wengine waliwapa wagonjwa 431 wa VVU simu na kuwafuatilia kwa wiki 48. Baadhi walikumbushwa kila siku, wengine mara moja kwa wiki. Baadhi walipata ujumbe mfupi, wengine ujumbe mrefu wenye maneno ya kutia moyo. Ungetarajia anayekumbushwa kila siku afanye vizuri zaidi, maana dawa inamezwa kila siku. Ikawa kinyume. Waliokumbushwa kwa wiki, asilimia 53 walifikia kiwango cha kumeza angalau dozi 9 kati ya 10, dhidi ya asilimia 40 ya wasiokumbushwa. Waliokumbushwa kila siku hawakupata faida iliyoonekana. Maneno ya kutia moyo nayo hayakuongeza kitu. Nadhani kila mwenye simu anaelewa kwa nini: kinacholia kila siku saa ileile huacha kusikika, kama jenereta la jirani.

Yaoundé, Kameruni, wagonjwa 200 walihusika katika jaribio lililochapishwa 2012. Nusu yao walipata ujumbe wa kila wiki wa kuwatia moyo, wenye namba ya kupiga endapo mtu angehitaji msaada. Baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti ya maana kati yao na wenzao. Angalia hapo tofauti ndogo na ile ya "Mambo?" Namba ilikuwepo, lakini kazi ya kupiga aliachiwa mgonjwa. Ni yeye atafute salio, ajipe ujasiri na aanze mazungumzo na hospitali. Kenya, kunyamaza tu kulitosha kuleta simu.

Cape Town walijaribu kwa wagonjwa wa presha, watu 1,372, matokeo yakatoka 2016. Kundi moja lilipokea meseji za taarifa tu. Kundi la pili liliweza kujibu baadhi ya meseji kwa ule ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie", na mtambo ukawarudishia machaguo: kubadili tarehe ya kliniki, kubadili saa au lugha ya meseji. Baada ya mwaka, kipimo cha juu cha presha kilikuwa kimeshuka kidogo kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida, takriban pointi 2 tu, na kundi lililoweza kujibu halikulizidi lile lililokuwa likisoma tu. Wapo waliosema hiyo ni dalili kwamba mazungumzo ya pande mbili hayana faida. Mimi naisoma vingine. Aliyejibu Kenya alimpata mtu. Aliyejibu Cape Town alipata menyu.

Nisije nikaigeuza "Mambo?" kuwa hirizi, kuna la nne. Kundi lilelile la WelTel lilikwenda Kibera, Nairobi, na meseji zilezile za kila wiki, mara hii kwa wagonjwa 700 waliokuwa katika mwaka wa kwanza wa huduma, likiuliza kama meseji zitawafanya wasiikimbie kliniki. Matokeo ya 2018 yalikuwa wazi: hazikuleta tofauti. Takriban wanane kati ya kumi walibaki, wenye meseji na wasio nazo. Salamu ya Jumatatu inaweza kumfikia mwenye shida ya dawa. Aliyehama Kibera kufuata kibarua Thika, shida yake haitibiwi na salamu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayebuni chombo halihusu meseji wala programu. Anapaswa kujiuliza: huyu mgonjwa, kazi inayomshinda ni ipi?

Na ni kazi kweli. Mwaka una saa 8,760. Mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki kila mwezi na kukaa nusu saa na mtaalamu (na nusu saa ni ukarimu mkubwa, wanaozijua foleni zetu watacheka) anapata saa 6. Zilizobaki ni zake. Juliet Corbin na Anselm Strauss, watafiti wa Marekani, mwaka 1988 waliigawa kazi ya kuishi na ugonjwa sugu katika mafungu matatu. Kuna kazi ya tiba yenyewe: kumeza, kuchoma sindano, kupima, kula kwa mpango. Kuna kazi ya kuendelea kuwa mtu: mama, fundi, mjumbe wa kikundi cha kuzikana. Na kuna kazi ya moyo: hofu, hasira, aibu, uchovu wa kuambiwa "usile hiki" kwa miaka ishirini.

Fungua karibu programu yoyote ya kisukari uone inagusa fungu lipi. Ni la kwanza, na aghalabu sehemu moja tu ya la kwanza, yaani kukumbusha. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 ilikadiria kuwa hata katika nchi tajiri ni karibu nusu tu ya wagonjwa wa muda mrefu wanaofuata matibabu ipasavyo. Kama tatizo lingekuwa kusahau, saa ya kengele ingelimaliza zamani. Mtu anaacha dawa kwa sababu zimeisha na nauli hakuna, kwa sababu zinamtibua tumbo na anaona haya kumwambia daktari, kwa sababu mkwe amekuja kukaa mwezi mzima na hajui atazimeza wapi. Au kwa sababu anajisikia vizuri.

Hiyo ya mwisho inanirudisha kwenye presha, maana ndiyo inayowatega wabunifu zaidi. VVU na kisukari watu wamekwisha kuzielewa kuwa ni za kudumu. Presha bado wengi wanaisimulia kama mgeni: "imepanda", "imeshuka", "ilinijia juzi nilipogombana na wapangaji". Na mgeni akiondoka, humpikii. Kwa hiyo dawa zinamezwa kichwa kinapouma na kuwekwa kando kinapopoa. Sasa mtumie mtu huyo "Mambo?" Atajibu "Sawa" kwa moyo mweupe, huku kipimo kikisoma 180 kwa 110. Swali lililofanya kazi kwa VVU linaweza kumpa mwenye presha ruhusa ya kuacha dawa. Kwa presha haitoshi kuuliza hali. Inabidi uulize namba.

Hapo napo pana mtego wa pili, wa kudhani kwamba namba ikishaingia kwenye simu kazi imekwisha. Shangazi yangu ana daftari la kurasa 48, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kwa miaka sita ameandika humo vipimo vyake kila asubuhi kwa kalamu ya bluu, na vilivyozidi anavizungushia nyekundu. Nilimshauri ahamie kwenye programu, akanitazama tu. Niligundua baadaye kwamba mimi ndiye niliyekuwa nyuma. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa TASMINH4, lenye wagonjwa 1,182 wa presha. Baadhi walijipima nyumbani na kumpelekea daktari karatasi, wengine walijipima na kutuma vipimo kwa meseji, na wengine walibaki na vipimo vya kliniki tu. Baada ya mwaka wastani wa kipimo cha juu ulikuwa 137 kwa wenye karatasi, 136 kwa wenye meseji, na 140.4 kwa wa kliniki. Simu iliharakisha mambo miezi ya mwanzo, lakini mwisho wa mwaka karatasi na simu hazikutofautiana kwa maana. Kilichowatofautisha wote wawili na kundi la tatu ni kwamba daktari alizitazama namba zile na kubadili dozi kwa kuzifuata. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio 25 uliochapishwa 2017 nao ulionyesha jambo hilo kwa upande wake: kujipima peke yake, bila mtu wa kufanya lolote na namba, hakushushi presha.

Daftari la shangazi, basi, lilikuwa na kasoro moja tu, nayo haikuwa ya karatasi. Kliniki aliyokuwa akihudhuria hakuna aliyewahi kulifungua.

Chombo kizuri cha presha kingehakikisha kwanza kwamba namba ni ya kweli. Mtu akae dakika tano kabla ya kupima, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja, mkono usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya kanzu au sweta, kisha apime mara mbili kwa kupisha dakika moja. Ukisoma maelezo haya kwenye ukurasa wa msaada hutayakumbuka. Yakija moja moja wakati mkanda uko mkononi, utayafuata. Kingemwambia pia cha kufanya na namba moja mbaya, maana mtu akiona 165 anaweza kumeza vidonge viwili badala ya kimoja. Na kingeipeleka picha ya wiki mbili kwa mtu mwenye mamlaka ya kubadili dawa. Bila hilo la mwisho umetengeneza daftari la bei ghali.

Sasa lugha, na hapa naomba kukaa kidogo, kwa sababu ndipo vyombo vilivyotafsiriwa vinapotuumbua.

Chukua saa. Programu imewekwa kukumbusha dozi ya asubuhi, nayo inaandika: "Kunywa dawa saa 8:00." Kwa Mswahili saa nane ni mchana, watu wametoka kula. Akiifuata saa ile kama inavyosomeka atameza akiwa amechelewa kwa saa sita nzima. Akiongezewa "asubuhi" anachanganyikiwa zaidi, maana saa nane ya asubuhi haipo. Wengi tumezoea kutafsiri kichwani, tunaona 8:00 kwenye kioo tunasema saa mbili, lakini bibi anayesomewa meseji na mjukuu wa darasa la tatu anategemea hesabu ya mjukuu. Dawa ni rahisi kuliko tunavyodhani: achana na saa, funga dozi kwenye jambo. Chai ya asubuhi. Swala ya isha. Taarifa ya habari ya usiku. Wafamasia wetu walilijua zamani, ndiyo maana wanasema "kutwa mara tatu" na kuandika 1×3 kwenye kibahasha cha vidonge, ingawa 1×3 nayo ina wahanga wake: wapo wanaomeza vitatu kwa mpigo.

Chukua sukari. Mashine zinazozunguka mitaani kwetu hazitumii kipimo kimoja. Moja itasema 7, nyingine, iliyotoka kwa ndugu aliyeko Marekani, itasema 126, na ni kiwango kilekile cha sukari. Ukigawanya hiyo ya pili kwa 18 unapata ya kwanza. Fomu inayopokea namba bila kuuliza ni mashine ipi itamtisha mtu mwenye afya au itamtuliza mgonjwa. Kompyuta inaweza kukisia: hakuna binadamu aliyekaa anaandika huku sukari yake ikiwa 126 kwa kipimo cha kwanza. Lakini bora iulize siku ya kwanza, mara moja.

Chukua chakula. Orodha zinakuja na vipande vya mkate na vikombe vya nafaka za maziwa. Mtu akitafuta ugali, labda ataupata. Akitafuta ugali kiasi gani, hapati, kwa sababu ugali hauna kipande. Na kwenye sinia la pilau lililozungukwa na watu watano, nani anajua amekula gramu ngapi? Nimeona mahali wakitumia ngumi ya mgonjwa mwenyewe kuwa kipimo cha wanga, na kiganja kuwa kipimo cha nyama. Si sahihi kama mizani, ila ngumi haisahauliki nyumbani.

Mwezi wa Ramadhani ukiingia, chombo kisichoujua kitaendelea kuuliza mchana, "Umekula nini leo?" Wapo Waislamu wenye kisukari ambao kwa ushauri wa daktari wanafunga, na wapo wasiopaswa kufunga kabisa. Kwa wanaofunga, miongozo ya kimataifa inasema wavunje saumu sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.7 (kwa mashine ile inayosoma 7, si ile ya 126), na inaeleza kwamba kuchoma kidole kupima hakufunguzi. Hiyo ndiyo sentensi ambayo mtu wa Lamu au Unguja anaihitaji kwenye simu yake siku ya kwanza ya mfungo, na anaihitaji katika lugha ya heshima, si kwa sauti ya karani wa bima.

Kuhusu siri sitasema mengi. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania ilitunga yake 2022, na kila mbunifu azifuate. Lakini anayesoma simu ya mgonjwa kwa kawaida si mdukuzi wa mbali. Ni mume, ni dada wa kazi, ni mtoto anayecheza gemu, kwa sababu simu ni moja na familia ni sita. Ujumbe unaojitokeza juu ya kioo kilichofungwa ukisema "Muda wa ARV zako" umekwisha kutangaza. Ndiyo maana ile "Mambo?" naiona ni ubunifu wa hali ya juu kuliko programu nyingi zenye nywila. Imejificha hadharani.

Gharama pia zinaamua nani anabaki. Tanzania, huduma ya meseji za wajawazito iliyoanza Novemba 2012, ile ya kutuma neno MTOTO kwenda 15001, ilikuwa bure kwa mtumiaji na ilifanya kazi kwenye kitochi. Linganisha na programu ya megabaiti 90 inayotaka kusasishwa kila mwezi kwa bando la mtu anayenunua la siku.

Lakini gharama inayosahaulika kabisa kwenye bajeti ni ya mtu wa upande wa pili. Andiko la mradi litakuwa na fungu la seva, la wabunifu wa michoro, la uzinduzi na fulana. Tafuta mshahara wa muuguzi atakayepiga simu kwa waliojibu "Shida", na hasa kwa walionyamaza, ambao ni wengi zaidi na wanachosha zaidi. Mara nyingi utaona ameandikwa yule yule aliyeko kliniki, mwenye foleni ya watu themanini, kwamba "atatenga muda". Hatautenga, na si kwa uvivu. Mgonjwa akijibu "Shida" mara mbili na asipigiwe, mara ya tatu atajibu "Sawa", na chombo chako kitaanza kutoa takwimu nzuri sana.

Kwa hiyo kwa timu inayoniuliza waanze na teknolojia ipi, jibu langu ni simu moja ya kawaida, muuguzi mmoja anayelipwa kwa kazi hiyo, na wagonjwa hamsini, kwa wiki nne. Tumeni salamu kwa mkono. Andikeni kila "Shida" ilikuja lini, ilihusu nini, na ilichukua dakika ngapi kuimaliza. Kama nyingi zitakuwa za dawa kuisha, mnachohitaji ni uhusiano na duka la dawa, na huenda programu isiwepo kabisa. Kama zitakuwa maswali yaleyale kumi, hapo mashine inaweza kujibu na muuguzi akapumua. Na kama zitakuja tatu saa tano usiku wa Jumamosi, mtajua mnamhitaji nani, na kwa zamu ipi, kabla hamjaandika mstari hata mmoja wa msimbo.